Shisima: Mchezo wa Kwetu Uliogeuka Hesabu ya Wengine

Chukua kifuniko cha sufuria, kiweke juu ya karatasi, pitisha penseli pembeni. Una duara. Likate, ulikunje nusu, kisha nusu tena, kisha nusu mara ya tatu. Ukilikunjua utaona mikunjo minne inayopita katikati na kuligawa duara vipande nane vilivyolingana. Pale kila mkunjo unapogusa ukingo, weka alama. Zitakuwa nane. Unganisha alama hizo kwa mistari iliyonyooka, upate umbo la pembe nane, halafu ongeza alama ya tisa pale katikati. Huo ndio uwanja.

Sasa tafuta vifuniko sita vya soda, vitatu vya rangi moja na vitatu vya nyingine. Kila mchezaji anapanga kete zake tatu kwenye alama zinazofuatana, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, hivi kwamba zinabaki alama mbili tupu pembeni na ile ya katikati. Mnacheza kwa zamu. Unasogeza kete moja hatua moja, kwa kufuata mstari, hadi alama iliyo tupu. Hakuna kuruka kete ya mtu. Wa kwanza kupanga kete zake tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka ameshinda. Mkijikuta mnazunguka palepale mara tatu, basi ni sare, anzeni upya.

Mchezo huu unaitwa shisima, na unatoka magharibi ya Kenya, kwa Watiriki, wale ndugu zetu Waluhya wa pande za Vihiga. Kama unajua Kiswahili, jina lenyewe halihitaji mkalimani. Ile *shi* ya Kitiriki ndiyo *ki* yetu, na shisima ni kisima, yaani mahali penye maji. Kete zinaitwa imbalavali, wale wadudu wadogo wanaokimbia juu ya maji kwa kasi hadi macho yanashindwa kuwafuata. Ukiwatazama watoto wawili wanaoujua mchezo vizuri, utaelewa kwa nini jina likawa hilo. Vidole vinaenda mbio.

Nimewauliza watoto wengi wa Nairobi kama wanaujua. Sijampata hata mmoja. Wanajua kati, wanajua bladda, wanajua draft ya vifuniko inayochezwa na mafundi nje ya gereji, na wanajua michezo ya simu kuliko mimi. Shisima, zii. Lakini andika neno hilo kwa intaneti uone. Majibu mengi yanakuja kwa Kireno. Walimu wa hesabu wa Brazil wanaeleza namna ya kuchora uwanja kwa kampasi na protrakta, na wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 wanapima pembe za kisima cha Tiriki.

Hiyo safari ndiyo nataka tuifuate hapa. Si kwa kulalamika eti tumeibiwa. Mchezo hauibiwi, ukiucheza wewe bado mimi ninao. Ninachotaka kujua ni kwa nini darasa la mbali liliona hesabu mahali ambapo darasa letu liliona watoto wanaopoteza wakati.

Mwalimu wa New York

Safari inapitia kwa mwanamke mmoja, Claudia Zaslavsky, aliyezaliwa 1917 na kufariki 2006. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari katika jimbo la New York. Miaka ya 1960 Wamarekani weusi walikuwa wakidai haki zao, na vijana shuleni walikuwa wakiuliza mbona Afrika haionekani vitabuni. Zaslavsky akaanza kutafuta maandishi kuhusu hesabu za Waafrika ili apeleke darasani. Akakuta ni machache sana, tena yametawanyika kwenye vitabu vya wasafiri na wataalamu wa mila.

Akaamua kuyakusanya mwenyewe, na utafiti wake ukamfikisha hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1973 akachapisha kitabu chake, *Africa Counts*. Ndani yake kuna namna jamii mbalimbali zinavyohesabu, Wamaasai wanavyoonyesha namba kwa ishara za vidole, hesabu za sokoni, mapambo ya nguo na nyumba, na michezo ya jamii ya bao. Leo inaweza kuonekana kawaida. Wakati ule kulikuwa na watu wenye digrii zao walioamini kwamba Mwafrika wa kijijini anaishia kuhesabu kumi, baada ya hapo anasema "nyingi".

Lakini Zaslavsky hakuwa anaandikia maprofesa pekee. Alikuwa mwalimu, na shida aliyoikuta kila siku darasani ilikuwa ileile unayoijua wewe: hofu. Mtoto anafika miaka 12 akiwa tayari amejiambia kwamba yeye si mtu wa hesabu. Mwaka 1994 aliandika kitabu kizima kuhusu hofu hiyo, *Fear of Math*, na mwaka 1998 akatoa kingine cha michezo na kazi za mikono kutoka pembe zote za dunia, kwa ajili ya wanafunzi. Shisima imo humo. Mchezo uliokuwa unachorwa mchangani ukapata ukurasa wake, mchoro wake, na maelezo ya namna ya kuutengeneza kwa karatasi.

Kwa nini Brazil

Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kireno, na Brazil kikakuta udongo ulioshalimwa.

Kwanza, Brazil ilikuwa na Ubiratan D'Ambrosio, mwanahesabu aliyetumia maisha yake akisema kwamba hesabu si mali ya kundi moja la watu. Seremala ana hesabu yake, mshonaji ana yake, mvuvi ana yake. Alipolihutubia kongamano la kimataifa la walimu wa hesabu mjini Adelaide, Australia, mwaka 1984, wazo hilo lilisikika duniani kote.

Pili, kulikuwa na watoto wa Recife. Mwaka 1985 watafiti watatu walichapisha kazi ndogo tu kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza vitu barabarani na sokoni katika mji huo. Watafiti walijifanya wateja. Nazi moja ni pesa kadhaa, je, kumi ni ngapi? Chenji yangu je? Watoto walijibu sawasawa karibu kila swali, asilimia 98. Baadaye wakapewa hesabu zilezile, lakini sasa zimeandikwa karatasini kama za shule, namba tupu. Wakashuka hadi asilimia 37. Mtoto yuleyule, akili ileile. Kilichobadilika ni kwamba namba zilikuwa zimevuliwa nazi.

Kama umewahi kumwona kijana anayeuza maji na njugu kwenye foleni ya Thika Road akirudisha chenji huku matatu inaondoka, hushangai. Yule jamaa anatoa na kujumlisha akikimbia.

Tatu, kulikuwa na sheria. Januari 2003 Brazil ilipitisha sheria namba 10.639, inayozitaka shule zote kufundisha historia na utamaduni wa Waafrika na Wabrazil wenye asili ya Afrika. Mwalimu wa historia alijua pa kuanzia. Mwalimu wa hesabu akabaki akijikuna kichwa: Afrika na jometri zinakutana wapi? Jibu moja alilolipata lilikuwa na pembe nane na kete sita. Shisima ikaingia darasani kwa mlango wa sheria, ikabaki kwa sababu watoto waliipenda na jometri yake ilikuwa ya kweli.

Wakati huo, nyumbani

Sasa turudi kwetu. Usidhani Kenya ilikuwa imelala. Wazo la kufundisha hesabu kwa kushika na kutenda limetua hapa mara kadhaa, na kila mara lilikuja na mizigo yake.

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, na Wamarekani wakaingiwa na wasiwasi kwamba shule zao zimelala kwa sayansi na hesabu. Wakaanza kuandika upya masomo yao. Wimbi hilo likafika Afrika haraka. Mwaka 1962 walimu na wanahesabu kutoka nchi kadhaa za Afrika zilizotumia Kiingereza, pamoja na wenzao wa Marekani na Uingereza, walikutana Entebbe, Uganda, na kuanza kuandika vitabu vipya. Ndipo likazaliwa jina la hesabu za Entebbe. Vitabu vilijaribiwa katika nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo. Kufikia miaka ya 1970, kile kilichoitwa hesabu mpya kilikuwa darasani: seti, alama za seti, michoro ya miduara inayopishana.

Nia ilikuwa nzuri. Walitaka mtoto aelewe badala ya kukariri. Lakini mzazi aliyezoea kujumlisha na kutoa alifungua daftari la mwanawe akakuta lugha ngeni. Walimu wengi nao waliipata kwa semina za haraka. Mwaka 1981 Rais Moi akatangaza kwamba hesabu mpya iondolewe shuleni, na hadithi ikaishia hapo.

Kuna kipande kimoja cha mradi huo ambacho watu wamekisahau, na ni kitamu. Waliokuwa nyuma ya vitabu vya Entebbe walishangaa kwa nini watoto wa Kpelle, huko Liberia, walikuwa wanashindwa na hesabu za shule. Wakamtuma mwanasaikolojia Michael Cole, ambaye alishirikiana na John Gay, mwalimu aliyekuwa akiishi hukohuko. Wakafanya majaribio mengi. Katika mojawapo waliweka mchele mbele ya watu na kuwauliza: humu mna vikombe vingapi? Wakulima wa Kpelle wasiosoma walikaribia jibu kuliko vijana wa Kimarekani wa Peace Corps waliokuwa wamemaliza chuo. Kitabu chao kikatoka 1967. Mtu yeyote aliyewahi kununua mahindi kwa gorogoro angewaambia hivyo bila utafiti. Mama anatazama gunia, anataja namba, na namba inakaribia.

Kwa hivyo maarifa yalikuwa yameshaandikwa, na walioyaandika walikuwa ndani ya mradi uleule. Hayakufika kwenye kitabu cha mtoto wa Kenya.

Mwaka 1985 ikaja 8-4-4. Hapo mikono ilipewa heshima yake, tena hadi kwenye mtihani: sanaa, ufundi, kilimo, sayansi kimu. Watu wa rika la shangazi zangu wanasimulia walivyosuka vikapu na kuchonga miiko ili wapate maksi, na wengine wanacheka wakikumbuka mwiko ulionunuliwa sokoni jioni na kupelekwa shule asubuhi kama kazi ya mtoto. Lakini angalia ratiba. Kikapu kilisukwa kwenye kipindi cha ufundi. Ruwaza na ulinganifu zilifundishwa kwenye kipindi cha hesabu. Mtoto yuleyule alihesabu nyuzi za kikapu saa nne, na saa tano akaambiwa afungue kitabu ajifunze mfuatano wa namba, kana kwamba hajawahi kukutana nao. Vipindi viwili vilipakana ukuta bila kusalimiana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa, mtihani ukabaki mwepesi zaidi, na mikono ikarudi mfukoni.

Mwaka 1998, kwa ushirikiano na shirika la Japan la JICA, Kenya ilianzisha SMASSE, mradi wa kuimarisha hesabu na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza na wilaya tisa, baadaye ukaenea nchi nzima. Walimu walifundishwa kuandaa somo lenye shughuli, lenye kumweka mwanafunzi mbele, lenye majaribio, na, hili nalipenda zaidi, lenye kubuni vifaa kutokana na vilivyopo. Yaani kama huna kifaa, tengeneza. Mafunzo ya walimu yanaendelea hadi leo kule CEMASTEA, Karen. Ila SMASSE ilikuwa ya sekondari. Mtoto alipoifikia, hofu ilikuwa imeshaota mizizi.

Mikono ya nani?

Nikiitazama historia hii yote, naona swali moja halikuulizwa vizuri. Kila mtu alikubaliana kwamba hesabu ifundishwe kwa mikono. Hakuna aliyeuliza mikono ya nani.

Hesabu mpya ilikuwa mikono ya wataalamu, walioandika kwanza ndipo wakaja kututafuta. Kwenye 8-4-4 ilikuwa mikono ya mtoto kweli, lakini ilifungiwa chumba kingine, mbali na hesabu. Na kwa CBC? Sote tunajua. Ni mikono ya mzazi.

CBC ilianza majaribio 2017, na Januari 2023 watoto wa kwanza wakaingia Gredi ya 7, sekondari msingi, ile tunayoita JSS, ndani ya shule za msingi. Karatasi za mtaala zinasema mambo mazuri: mradi, ugunduzi, kazi za vikundi, michezo. Halafu saa mbili usiku mzazi anapokea ujumbe kwa grupu ya WhatsApp kwamba kesho kunahitajika manila, gundi, rangi na katoni. Anashuka saiba. Saiba imejaa wazazi wengine. Mhudumu anachapisha picha ya maumbo kwa rangi, shilingi kadhaa kila ukurasa, mzazi anakata na kubandika huku mtoto amelala mezani. Kesho yake mradi unapata maksi nzuri. Mikono ya mtoto haikugusa kitu. Na mtoto ambaye mamake hakuwa na hizo pesa anakaa nyuma ya darasa akitumaini hataitwa.

Hapo ndipo shisima inanirudia akilini. Uwanja wake ni mstari mchangani, na kete ni vifuniko. Mtoto wa Runda na mtoto wa Mukuru wanaanza sawa, jambo ambalo ni nadra sana kwenye mji huu.

Kile kilicho ndani ya duara

Jumamosi huwa nasaidia watoto wa ploti yetu na hesabu, kama saba hivi, wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Tunakaa juu kwa rooftop, pale nguo zinaanikwa. Siku moja nilichora shisima kwa chaki kwenye saruji, nikawapa vifuniko na sheria, basi. Sikutaja hesabu.

Dakika ishirini za kwanza zilikuwa kelele tu. Kisha binti mmoja akasema, "Lakini huwezi shinda kama hauna katikati." Wengine wakabisha. Nikamwambia athibitishe. Akaanza kuchora mistari kwa kidole: huu unapita katikati, huu pia, huu pia, huu pia. Iko minne tu, yote inapita palepale. Kwa hivyo kila ushindi lazima uwe na kete katikati. Hakuna aliyemwambia kwamba alichofanya kinaitwa uthibitisho, na kwamba kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo.

Kijana mmoja aliposikia hivyo akakimbilia katikati na kukaa. Hatoki. Anasogeza zile kete zake mbili za pembeni huku na huku, sare baada ya sare, kicheko mdomoni. Ikawa vita. Ilichukua karibu saa nzima hadi mwenzake akagundua namna ya kumtoa. Zipe alama za pembeni namba 1 hadi 8 kwa mzunguko. Yeye ana kete kwenye 2, 3 na katikati. Mimi ninazo 1, 4 na 8. Zamu ni yake. Kete ya 2 imebanwa, ya 3 imebanwa, kwa hivyo hana budi kutoka katikati. Akitoka tu, ile yangu ya 1 inaingia, na mstari wa 4, katikati, 8 umekamilika. Waliruka wakipiga kelele hadi jirani wa chini akatoka kuuliza kuna nini.

Baada ya hapo maswali ya shule yalikuja yenyewe. Tukikunja karatasi mara tatu tunapata vipande nane. Tukikunja mara nne je? Kila pembe pale katikati ni nyuzi ngapi? Duara zima ni 360, gawa kwa 8, ni 45. Pembe za ndani za umbo lenyewe? Ligawe pembetatu sita kutoka kona moja, sita mara 180 ni 1080, gawa kwa 8, ni 135. Mkubwa wao aliuliza kuna namna ngapi za kupanga kete zote sita uwanjani. Tukaihesabu polepole: kete zangu tatu zina namna 84 za kukaa kwenye alama tisa, na kwa kila moja, zako zina namna 20 za kukaa kwenye sita zilizobaki. Jumla 1680. Kati ya hizo, 160 ni ushindi wa mmoja wetu. Aliiandika hiyo namba kwa mkono wake kama namba ya simu.

Sisemi wote waligeuka mabingwa. Kuna mmoja aliyechoka mapema akaenda kwa simu yake. Na nasisitiza hili: mchezo peke yake haufundishi hesabu. Tungecheza tu tukaenda nyumbani, ingekuwa Jumamosi nzuri, basi. Kazi ilianza pale mtu aliposema jambo na mwingine akamwambia, thibitisha. Mwalimu anayeleta mchezo darasani kisha akakosa swali la kuuliza baada yake, ameleta burudani. Hiyo nayo ina nafasi yake, lakini tusiiite somo.

Kinachobaki

Najua mwalimu wa JSS atasema nini, na atakuwa na haki. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi. Silabasi ni ndefu. Mwisho wa Gredi ya 9 kuna mtihani wa kitaifa, na mtihani hauulizi nani alimtoa nani katikati. Mwaka 2025 tulibishana nchi nzima kama hesabu ibaki ya lazima katika sekondari ya juu, na Aprili serikali ikatangaza kwamba kila mwanafunzi ataisoma, kwa namna mbili, moja ya kina kwa wanaokwenda njia ya sayansi na nyingine nyepesi kwa wengine. Sawa. Lakini kulazimisha somo ni jambo moja, na kumwondolea mtoto hofu yake ni lingine kabisa. Uamuzi kwamba "mimi hesabu siwezi" haufanywi Gredi ya 10. Unafanywa kati ya miaka 11 na 14, kimyakimya, kwenye dawati la nyuma.

Kwa hivyo simwombi mwalimu huyo aongeze kipindi. Jometri ya maumbo tayari imo kwenye mtaala wake, na uwezekano utakuja. Namwomba abadilishe kifaa: chaki, sakafu, vifuniko mia moja na hamsini vilivyookotwa bure nje ya kioski. Watoto hamsini ni jozi ishirini na tano. Na mradi ufanyike darasani, mchana, kwa mikono ya mtoto, si saa nne usiku kwa mkasi wa mamake.

Shisima si pekee. Waluo wana ajua, Wakikuyu wana giuthi, na Pwani kuna bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo wataalamu wamelichunguza kama wanavyochunguza chesi. Hiyo ndiyo tunayoijua kwa sababu kuna aliyeiandika. Ipo mingine ambayo iko tu kichwani mwa watu wenye miaka sabini na themanini, na haitasubiri mtaala unaofuata. Kwa hivyo ukimaliza kusoma hapa, mpigie shosho wako, ama kuka, ama dani. Muulize walicheza nini walipokuwa wakichunga mbuzi ama wakingoja maji yajae mtungini. Muulize walitumia kete ngapi, walichora nini mchangani, na mtu alishindaje. Andika. Halafu tafuta mtoto wa miaka 12 aliye karibu nawe, umpe vifuniko.